Dogo wa Same na Mchongo wa Chopa ya Jeshi

Machi 2023 kimbunga Freddy kiliichapa Malawi vibaya mno. Mito ikahama njia, madaraja yakaondoka na maji, vijiji vizima vikabaki havifikiki. Bongo ikatuma unga, mablanketi, wanajeshi, na chopa mbili za JWTZ. Zile chopa mbili hazijanitoka kichwani hadi leo. Lori likishakwama na boti haipiti, kinachobaki ni kitu chenye mapanga juu ya paa, pamoja na mtu anayejua kukitua mdogo mdogo kwenye kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa netiboli.

Mtu wa Upareni haitaji kuchorewa picha. Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha, kule Mamba Miamba, ukafunika nyumba na watu waliokuwemo. Barabara za kule juu unazijua mwenyewe mvua ikipiga: utelezi, kona juu ya kona, na upande mmoja hamna kitu, ni korongo tu. Ndiyo maana dogo wa Same akiniambia anataka kurusha chopa ya jeshi, simchukulii poa. Sababu anayo, tena nzito kuliko ya msela anayependa tu miwani ya rubani. Ishu iliyobaki ni maombi yake yawe na uzito uleule.

Tuanze na kitu ambacho vijiweni hakipendwi. Tangazo la JWTZ halina nafasi ya "rubani wa helikopta" inayomsubiri raia aje aichukue. Unaomba kuwa mwanajeshi. Ukipita, unakula kozi kwanza, na chimbo la kuruti wengi ni RTS Kihangaiko, Bagamoyo. Rubani wa jeshi ni ofisa, na maofisa wanapikwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, Monduli. Nani aende Kamandi ya Jeshi la Anga, wenye kambi yao Ngerengere kule Morogoro, na nani abaki nchi kavu, hilo linaamuliwa na jeshi kwa mahitaji yake. Kwa hiyo unajenga maombi yenye milango miwili: yakupe kombati kwanza, halafu siku wanatafuta watu wa anga, faili lako liwe linajieleza.

Wamarekani wao wana njia inayomtoa raia mtaani moja kwa moja hadi kozi ya helikopta ya jeshi lao la nchi kavu, pale Fort Rucker, Alabama. Lakini lazima uwe raia wa kule, na kuna mtihani mmoja wa kuchuja ambao ukifeli unarudia mara moja tu maishani. Mtoto wa Kipare aliyezaliwa Texas na ana pasi yao, hiyo ni njia yake, aende nayo. Sisi wa huku tuongee ya Dodoma.

Kwenye tangazo la 2025, JWTZ waliweka umri hivi: wa fom foo na fom siksi wasizidi miaka 24, wa stashahada 26, wa shahada 27. Uwe na kitambulisho cha NIDA, cheti halisi cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha JKT, usiwe umeoa wala kuolewa, usiwe na kosa la jinai mahakamani, na usiwe umewahi kutumikia polisi, magereza au vikosi vingine vya namna hiyo. Sifa zinaweza kubadilika tangazo lijalo, kwa hiyo soma lile la mwaka wako kwa macho yako, usisomewe na mtu kwenye stori za WhatsApp. Ila piga hesabu sasa hivi. Ukimaliza fom siksi na miaka 20, halafu JKT ya kujitolea ikakushika miaka miwili, umebakiwa na upenyo mwembamba sana kabla 24 haijakupita. Dogo anayesema "nitaomba mwakani" mara mbili tu, kashapigwa chini na kalenda.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo vijana wa milimani wanaumia bila kujua. Majina ya Kipare yana mtego. Kuna Mmbaga wa M mbili na Mbaga wa M moja, na ni mtu yuleyule. Kuna aliyebatizwa Elia, shule wakamwandika Eliya, NIDA wakamwingiza Elias. Kuna aliyesoma kwa ukoo wa mama kwa sababu alilelewa na bibi Vudee, halafu cheti cha kuzaliwa kikatoka na ukoo wa baba. Mtaani hiyo haina noma, kila mtu anakujua. Kwa karani anayepitia rundo la maombi ni watu wawili tofauti, na mmoja wao anaonekana anatumia vyeti vya mwenzake. Chukua cheti cha RITA, matokeo ya NECTA na kadi ya NIDA, viweke mezani pamoja, soma herufi kwa herufi. Tarehe ya kuzaliwa pia. Kama kuna pengo, kaanze kulishughulikia leo kwa kiapo na marekebisho rasmi, kwa sababu mambo hayo yana foleni yake, na dirisha la maombi likifunguliwa halikai. Lile la 2025 lilikuwa wiki mbili tu mwanzoni mwa Mei.

Halafu kuna hili ambalo mimi nalipenda sana: barua ya maombi ya 2025 iliandikwa kwa mkono. Ndiyo, kalamu na karatasi, ikatumwa Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma, kwa Mkuu wa Utumishi Jeshini. Kizazi chetu cha kuchati kwa vifupisho tumeshasahau mwandiko. "Xaxa" na "cjui" zimetuharibu mkono mpaka akili. Barua yako ndiyo wewe kabla hawajakuona. Nunua karatasi safi isiyo na mistari, weka yenye mistari minene chini yake ikuongoze, andika, chana, andika tena. Anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, aya tatu fupi, sahihi, jina kamili lile lile la NIDA, na namba ya simu ambayo haitazimwa wala kukopeshwa mtu.

Cha kuandika ndani? Weka ukweli unaopimika. Umesoma wapi, umemaliza mwaka gani, umefaulu nini, JKT ulipita kambi gani, una ujuzi upi. Kama ulikuwa kiranja wa mazingira au skauti na mwalimu anaweza kulisema hilo, litaje. Nia yako ya anga isizidi sentensi moja au mbili: kwamba umesoma Fizikia na Hisabati, kwamba uko tayari kutumika popote utakapopangiwa, na kwamba ukipewa fursa ungependa kutumika Kamandi ya Anga. Ukijaza ukurasa mzima kuhusu ndoto ya chopa, unamwambia msomaji kwamba ukipangiwa kombania ya miguu Ruvuma utanuna. Jeshi halitafuti mtu wa kununa.

Kuhusu masomo sitazunguka. Michepuo ya PCM na PGM ndiyo inayokuweka karibu zaidi na mlango. Fom tuu unayesoma hapa, kama umeshaanza kuikimbia Fizikia kwa sababu mwalimu ni mkali, rudi. Tafuta wenzako, kateni solo la maswali ya zamani ya NECTA hadi usiku. Na Kiingereza usikiache, kwa kuwa mawasiliano ya redio kati ya marubani na waongoza ndege kimataifa yanaendeshwa kwa lugha hiyo.

Lakini kuna Fizikia ambayo huifundishwi darasani na wewe unaishi ndani yake, na hapa naomba tukae kidogo.

Mji wa Same uko takriban mita 860 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, jua la Januari, kipimajoto kinasoma 34. Hewa ikipata joto inatanuka, inakuwa nyepesi. Panga la chopa linanyanyua mzigo kwa kusukuma hewa chini, na hewa nyepesi haisukumiki vizuri. Ukipiga hesabu yenyewe ya marubani, chopa iliyopo stendi ya Same kwenye joto hilo inajisikia kama iko zaidi ya mita 1,700. Bado haijapanda hata kilima. Sasa ipeleke Shengena, kilele cha Upare wote, mita 2,462. Kule hata siku ya kawaida uzito wa hewa umepungua kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Tanga baharini. Injini nayo inavuta hewa hiyohiyo nyembamba, kwa hiyo nguvu inapungua wakati ambapo panga linadai nguvu zaidi. Rubani anayekwenda kumchukua mgonjwa Chome hawezi kubeba watu idadi ile anayobeba Dar. Lazima aamue nani anabaki, mafuta kiasi gani yanabaki, na aende alfajiri kabla jua halijachachamaa.

Kuna na upepo. Umewahi kujiuliza kwa nini Same na Makanya kumekauka hadi mkonge ndio unaona raha, wakati ukivuka mlima upande wa pili, Gonja na Mamba, tangawizi na migomba inakomaa? Upepo unatoka Bahari ya Hindi, unagonga mlima upande wa mashariki, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Ukishavuka mgongo wa mlima unashuka upande wetu ukiwa mkavu. Kwa mkulima hiyo ni habari ya mahindi. Kwa rubani wa chopa ni habari ya uhai: upande upepo unakopanda, mlima unakusaidia kunyanyuka ila mawingu yanakufunga macho. Upande upepo unakoshuka, hewa inakubonyeza chini wakati wewe unataka kwenda juu, na nyuma ya mgongo wa mlima kuna mizunguko isiyoonekana. Rubani wa mlimani anautafuta upepo kabla hajaitafuta sehemu ya kutua. Anaangalia moshi wa jikoni, anaangalia majani ya mgomba, anaangalia vumbi la barabarani. Wewe mwanangu umekua unaviona hivyo vyote bure.

Kitu kingine: chopa ikining'inia karibu na ardhi tambarare inatumia nguvu kidogo kuliko ikining'inia juu juu, kwa sababu ardhi inazuia ile hewa inayosukumwa isikimbie ovyo. Ukitaka kutua kwenye kichuguu cha mlima chenye korongo pande zote, msaada huo haupo. Ndiyo maana rubani anapima nguvu alizobakiwa nazo kabla hajasogea.

Haya yote yamo kwenye kitabu cha mafunzo ya helikopta cha mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, na kinapakuliwa bure. Bando dogo linatosha. Kisome polepole, ukurasa mmoja mmoja, kwa kamusi. Jifunze mkono wa kushoto unafanya nini, ule wa kulia unafanya nini, na miguu kwenye pedali kwa nini haipumziki. Siku ya usaili ukiulizwa kwa nini anga, ukaeleza tofauti ya Same na Gonja kama nilivyoeleza hapa lakini kwa maneno yako, watajua huyu hakukariri. Wala huhitaji kujitutumua. Ongea kwa kutulia, "ndiyo afande," "hapana afande," na usilolijua sema hulijui.

Mwili. Hapa Upareni gym ni mlima, na hakuna kiingilio. Panda kutoka Makanya kwenda Suji kwa miguu, asubuhi, mara kadhaa kwa wiki, halafu shuka kwa adabu magoti yasife. Makande ya maza yana maharage na mahindi, hicho ni chakula cha kazi, usikidharau kwa ajili ya chipsi mayai za stendi. Kuogelea ni pengo letu wengi tuliokulia kwenye ukame, na marubani wengi wa chopa duniani wanafunzwa kujinasua majini. Tafuta bwawa la kuogelea Moshi na mtu wa kukufundisha. Nyumba ya Mungu usiende kujaribu, kule kuna mamba na viboko.

Macho ndiyo kitu ninachowaomba mkipime mapema kuliko vyote. Afya ya urubani inaangalia uwezo wa kuona mbali na kutofautisha rangi, na kuna watu wana tatizo la rangi tangu kuzaliwa hawajui, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Hospitali ya KCMC Moshi ina idara ya macho inayoheshimika. Ni bora ulijue hilo ukiwa fom tuu uchague njia nyingine ya anga kwa moyo mweupe, kuliko kuligundua baada ya kusota miaka sita. Masikio na meno pia, usisubiri yaume.

Na mirungi. Hii naisema nikiwa nawatazama machoni masela wangu wa milimani. Inalimwa kwetu, tunajua mashamba yako wapi, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshapanda milima ya Same kuifyeka zaidi ya mara moja. Jirani zetu Kenya wanailima Meru kihalali na wanauza nje ya nchi, kwa hiyo dogo anaweza kujiona hana kosa: majani tu, braza anauza, bodaboda inabeba, buku mbili tatu zinaingia. Sheria yetu ya 2015 inaihesabu dawa ya kulevya. Hatia moja mahakamani, hata kama ulikuwa umebeba furushi la mtu hadi stendi, inaua sharti lile la kutokuwa na kosa la jinai. Najua njaa ya kule juu, na najua kwamba kwa familia nyingine lile jani ndilo linalolipa ada. Sikuhukumu. Nakwambia tu kwamba furushi lile na kiti cha rubani haviwezi kuwa vya mtu mmoja.

JKT. Ipo tangu Julai 1963, ikasimamishwa kwa vijana wa mujibu wa sheria mwaka 1994, ikarudi 2013. Wa fom siksi wanaitwa kwa mujibu wa sheria. Wengine wanaomba kujitolea, na maombi hayo yanapitia wilayani na mkoani, kwa hiyo ubao wa matangazo wa wilaya ya Same uwe unaupitia kila ukiteremka sokoni. Wenyewe JKT wanasema wazi kwamba hawaahidi ajira, na ni vizuri ulijue hilo unapopanda basi. Lakini mwangalie yule anayerudi kutoka kambi ya Mgambo au Makuyuni: anaamka kabla ya jogoo, anakunja shuka, amelima, amekimbia, ameshika silaha kwa nidhamu, na amekaa geto moja na Msukuma, Mmakonde na Mpemba. Cheti chake ni kigezo kwenye tangazo la jeshi, na ile tabia inaonekana kwenye usaili hata asipofungua mdomo. Dada zangu, hili linawahusu sawasawa. Tangazo linasema "hajaolewa" kwa sababu linawategemea muombe.

Kuna jamaa atakupigia. Sauti nzito, anajiita afande wa Makao Makuu, anakujua kwa jina, anakwambia nafasi mbili zimebaki, tuma laki tatu ya faili na nyingine ya daktari. Ngoma hii imeziumiza familia nyingi. Mshua anauza ng'ombe, maza anakopa vikoba, namba inazimwa. JWTZ wamerudia mara nyingi kwamba nafasi za jeshi haziuzwi. Na fikiria tu: mtu akikuuzia kiti cha chopa, abiria wako watapandaje? Ukipigiwa, kata simu, katoe taarifa polisi, na uwaambie wazazi mapema ili wasije kuingizwa chaka kwa mapenzi yao kwako.

Sasa swali ambalo inabidi ulijibu kabla ya kununua ile karatasi isiyo na mistari. Wakikuchukua, halafu wakakupangia mizinga, au karakana, au mawasiliano, na anga isije kabisa, utatumika? Kama jibu lako ni ndiyo, kaza, andika barua. Matangazo ya karibuni yametaja hata taaluma za hali ya hewa na uongozaji ndege, kwa hiyo mwenye stashahada au shahada ya huko anaweza kuingia akiwa tayari yuko karibu na uwanja wa ndege.

Kama jibu ni hapana, kama unachotaka ni kurusha tu na kombati huihitaji, usilidanganye jeshi. Nenda njia ya kiraia: leseni inatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kina kozi za anga kuanzia ufundi wa ndege. Ni njia ghali, tena ndefu. Lakini pale Moshi kuna chopa za uokoaji zinazopanda Kilimanjaro kuwachukua wapandaji waliozidiwa na mlima, na hewa ya kule juu ni nyembamba kuliko ya Shengena.

Fundi anayelegeza nati za chopa hizo jioni naye alianza na Fizikia ya fom tuu.